Samaki Asiyegeuka

Kazi yangu ni kuhesabu samaki ambao siwaoni. Nimeifanya miaka ishirini na sita, na bado nikiwaambia watu hivyo wananitazama kama mtu aliyetoka kulewa. Siku hizi nasema tu nafanya kazi bwawani. Wanadhani nafungua na kufunga mabomba, na mimi nawaacha wadhani.

Inakwenda hivi. Chini ya boti tumefunga mashine inayoitwa sona. Inapiga mlio mfupi kwenda chini, mlio ambao sikio la mtu haliusikii. Mlio ukigonga kitu, unatawanyika: huku kidogo, kule kidogo, sehemu kubwa inapotelea majini, na chembe tu inarudi juu kwenye boti. Chembe hiyo ndiyo imenilisha. Naiona kwenye kioo kama alama, na kwa ukali wake nasema huyu ni samaki wa kiganja, huyu ni wa mkono mzima, ule pale ni mti. Miti ipo tele. Bwawa letu zamani lilikuwa bonde. Ukuta ulipojengwa maji yalipanda, miti ikazama ikiwa imesimama, na hadi leo imesimama huko chini bila jani hata moja.

Samaki humtambui kwa ukali wa mwangwi peke yake. Unamtambua kwa kutotulia. Tumboni ana kibofu cha hewa, na hewa hiyo inarudisha sauti kuliko nyama na mifupa yake yote. Akikaa sawa chini ya boti, mwangwi unakuja mkali. Akiinamisha kichwa au akikupa mkia, unanywea. Kwa hiyo alama ya samaki inapanda na kushuka kila mlio. Ukiona alama imeganda palepale, mlio wa kwanza hadi wa hamsini, hiyo si samaki. Nalijua hilo vizuri kwa sababu wengine wote pale kazini nimewafundisha mimi.

Na bado, misimu tisa mfululizo, kwenye mstari wa nne wa njia tunazopitisha boti, karibu na mnara wa kuchukulia maji, niliona alama iliyoganda palepale, nikaandika kwa mkono wangu: samaki mmoja, mkubwa.

Hapa lazima nimtaje shemeji, ingawa ningeweza kumruka ningemruka. Ni mume wa mdogo wangu, na mdogo wangu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Kazi ya bwawani nilimtafutia mimi. Alikuwa mtu wa mikono mitulivu, na kazi yetu inataka mikono mitulivu kuliko akili nyingi, ndiyo maana mimi sikupandishwa cheo.

Kila msimu, kabla ya kuhesabu chochote, mashine yenyewe inapimwa kama inasema kweli. Unashusha gololi ya chuma kizito, ukubwa wa ndimu, ikining'inia kwenye mshipi wa nailoni. Gololi ni duara kamili, haina mbele wala nyuma, ukiigeuza utakavyo inarudisha sauti ileile. Tunajua inavyopaswa kusema. Mashine ikisoma vingine, kosa ni la mashine. Shemeji alikuwa akiiosha gololi hiyo kwa sabuni ya vyombo, kisha anaishika kwa kitambaa, hagusi kwa vidole kamwe. Vidole vina mafuta, mafuta yanashika viputo vya hewa, na kiputo kidogo kama punje ya chumvi kinaweza kuharibu mwangwi wote. Nilikuwa namtania kwamba hata mwanawe hambebi kwa uangalifu namna ile.

Miaka kumi iliyopita tulitia nanga karibu na mnara, sisi wawili tu. Kazi ya kupima inachukua saa tatu za kukodolea namba. Wakati ule mashine yetu haikuwa na kumbukumbu. Namba zilitokea kwenye kioo, tukaziandika kwa kalamu kwenye fomu. Mmoja anashusha na kuandika, mwingine anashuhudia, wote wawili wanasaini. Mimi nilikuwa shahidi. Jua lilikuwa kali, maji yametulia, nimetoka kula. Nikajilaza mbele ya boti juu ya makoti ya kujiokolea ili kunyoosha mgongo. Nilipoamka, shemeji alikuwa ameshika kipande cha mshipi kilichokatika, uso umemparara.

"Imenasa kwenye mti," akasema. "Wakati wa kuivuta. Nimeshamaliza kupima, namba zote ninazo."

Ofisini kwetu fomu bila gololi na bila saini ya pili ni karatasi ya kufungia maandazi. Bosi alizisoma zile namba, akasema ni safi mno, hazitikisiki hata kidogo, zimeandikwa na mtu aliyekaa kivulini akizitunga. Kumbe gololi ndivyo inavyosema, haitikisiki. Ningeweza kumweleza hivyo. Akaniuliza, "Ulishuhudia gololi ikishushwa?"

Nikasema, "Sikushuhudia."

Hakuna neno la uongo hapo, ndiyo maana lilitoka kirahisi. Ningesema nililala kazini, unga wangu ungemwagika siku ileile. Ukamwagika wake. Nilidhani watampa onyo tu. Hilo nalo nililirudia moyoni mpaka nikaliamini.

Jioni yake mdogo wangu alikuja chumbani kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akaniuliza swali moja. "Dada, ulikuwa macho au ulilala?"

Nikasema, "Nilikuwa macho."

Uongo wangu ni huo. Maana kama nilikuwa macho na sikuona gololi ikishuka, basi haikushuka, na mume wake ni mwongo. Aliniangalia sana. Yeye alimwamini mumewe, akanipa kisogo, akaondoka, na tangu siku hiyo hakuniita dada tena wala hakuniita kitu kingine.

Bosi alituma boti ipite pale mara moja kuangalia. Upepo ulikuwa unavuma, nikaona matawi matupu, nikaandika matawi matupu. Msimu uliofuata, katika kuhesabu kwetu kwa kawaida, nilipita hatua kama arobaini kutoka mahali tulipoandika kwamba tulitia nanga, na nikaiona. Ilikuwa mita nne juu ya udongo, pembeni ya mti, imetulia tuli. Sikuhitaji mtu wa kuniambia. Mkono ukaandika samaki.

Nilijitia hamnazo. Nilijiambia huenda ni samaki mvivu. Msimu wa pili nikajiambia ni yuleyule mvivu, amezeeka. Maji yalipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na samaki wote walihama nayo, huyu akabaki mita nne juu ya udongo kama aliyepigwa marufuku kuondoka. Mwaka wa nne niliacha kujiambia chochote. Nilikuwa nikiusubiri mstari wa nne, nikiufikia natazama kioo, naona alama ile, na nafsi inatulia kidogo. Ni aibu kusema, lakini kwa mwaka mzima hakuna kitu kingine nilichokikuta palepale nilipokiacha.

Naishi chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la kushonea nguo. Mchana vyerehani vinanguruma chini ya miguu yangu, saa kumi na mbili wanafunga, na baada ya hapo nasikia jokofu langu tu. Napika kikombe kimoja cha mchele. Nimejaribu kupika nusu, unaungua. Watu wa ghorofani ni wema, tunasalimiana kwenye ngazi, na kuna wiki nzima salamu hizo ndizo maneno yote niliyosema baada ya kazi. Mama yetu alipofariki mdogo wangu alikaa upande mmoja wa chumba na mimi upande mwingine, na majirani walipita katikati wakitupa pole kila mtu na yake.

Mwaka huu mvua zilituhepa. Bwawa likashuka hadi vichwa vya miti vikatokeza, vyeusi, vimepindana. Boti yangu inaendeshwa na bwana mmoja tunayemwita Kimya, kwa kuwa tangu azaliwe hajanyamaza. Siku tuliyoingia mstari wa nne alikuwa ananisimulia ugomvi wake na fundi bomba, na mimi nikaona kwenye kioo kwamba gololi imebakiza mita moja na nusu tu ionekane na dunia nzima. Mwezi mmoja zaidi na mvuvi yeyote angeikuta inaning'inia hewani kama tunda.

Sitajisifu kwamba nilipata toba. Niliogopa. Halafu mwezi ujao nastaafu, na nilipolifikiria lile jokofu likinguruma asubuhi, mchana na jioni, niliogopa zaidi. Nikamwambia Kimya azime injini.

"Kuna nini?"

"Sogea kwenye ule mti. Taratibu."

Nililala kifudifudi ukingoni mwa boti, nikatia mkono majini hadi begani, nikapapasa tawi. Lilikuwa na utelezi. Mshipi niliupata kwa kidole kabla ya kuuona, nikauzungusha kiganjani, nikavuta. Ilikuja nzito, imevaa koti la ukungu wa kijani.

Kimya aliitazama, na kwa mara ya kwanza akastahili jina lake. Baadaye akauliza, "Hii si ndiyo ile ya shemeji yako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alisema kweli."

"Alisema kweli."

Akawasha injini. Njia nzima hakurudi kwenye habari za fundi bomba.

Bosi ni yuleyule, amenenepa tu. Niliiweka gololi juu ya meza yake, juu ya gazeti alilokuwa akisoma, nikamwambia nataka barua. Akasema barua ya nini, mtu alishaondoka, mambo yamepita. Nikakaa kwenye kiti chake cha wageni. Aliona siondoki, akaanza kuandika. Nikamwambia pia kwamba siku ile nililala. Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka kumi, na nilipolitoa niliona ukuta wa ofisi unasogea.

"Wote tulikuwa tunalala," akasema, akapiga muhuri.

Barua ilikuwa na mistari minne. Gololi imepatikana mahali alipoeleza mhusika, maelezo yake yalikuwa sahihi, ofisi inasikitika. Niliikunja, nikaitia kwenye bahasha, gololi nikaifunga kwenye soksi safi. Nilichotaka nilikijua vizuri. Nilitaka mdogo wangu anifungulie mlango na aniite dada. Jina la shemeji nililitaka lisafike pia, lakini nikisema hilo ndilo lililoiongoza miguu yangu nitakuwa naongeza uongo kwenye mwingine.

Mlango ulifunguliwa na msichana mrefu mwenye macho ya mama yetu. Nilimwacha ana miaka mitatu, alikuwa akilala mgongoni kwangu. Alinitazama juu hadi chini kwa adabu, akageuza shingo.

"Mama, kuna mgeni."

Shemeji hutengeneza feni na pasi hapohapo sebuleni. Feni moja ilikuwa mezani imefunuliwa matumbo, skrubu zake zimepangwa kwenye kifuniko cha kopo kwa ukubwa, kubwa hadi ndogo. Alikuwa amevaa miwani, mvi zimemjaa. Hakuinuka wala hakunifukuza. Mdogo wangu alitoka jikoni akijifuta mikono, aliponiona akasimama palepale. Nikatoa bahasha.

Aliisoma amesimama. Akairudia tena akiwa amekaa. Kisha akampa mumewe, naye akaisoma mara moja, akaiweka pembeni ya skrubu.

"Kwa hiyo ulilala," mdogo wangu akasema.

"Nililala."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nikakudanganya. Niliogopa kufukuzwa, halafu nikaogopa kukwambia niliogopa."

Alilia, si kwa sauti. Mimi nilisimama katikati ya sebule kama kabati lililoletwa nyumba siyo. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga, akasema kwa unyonge, "Kulala si dhambi, dada. Kila mtu analala. Ungesema tu."

Dada. Akaniambia nikae, nikakaa. Akamwita binti yake. "Huyu ni mama mkubwa wako. Mwamkie."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Mdogo wangu alileta chupa ya chai na vikombe, akanimiminia cha kwanza mimi, hadi ukingoni, kama alivyokuwa akinimiminia zamani kwa kunikomoa. Nilifikiri: imekwisha, nimerudi nyumbani. Nikaitoa gololi kwenye soksi, nikamsogezea shemeji.

Hakuigusa. Alichukua kwanza kitambaa chake cha kufutia feni, akakikagua, akaona kina mafuta, akakiweka. Akamwomba binti yake kitambaa safi. Alipoletewa ndipo akaiinua gololi, akaigeuza taratibu mbele ya dirisha, vidole vyote nyuma ya nguo.

"Bado nzima," akasema. Kisha, bila kuniangalia, "Maji yamepungua sana mwaka huu, ndiyo mkaiona. Sivyo, shemeji?"

Nilimwelewa. Yeye amekaa mbele ya kioo kile kama mimi. Anajua sona haingoji maji yapungue, anajua gololi kwenye mstari wa nne inaonekana kila msimu, na kwamba hakuna mtu wa kazi yetu anayeweza kuiona mara tisa akadhani ni samaki. Alikuwa ananiwekea uongo mkononi, umeshatafunwa, ni wa kumeza tu. Alikuwa ananihurumia, au alikuwa anamhurumia mke wake aliyetoka kulia. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa.

Nikatazama kile kitambaa. Miaka kumi nje ya kazi, na bado hakuthubutu kuiachia alama ya kidole kitu ambacho hakingeshushwa majini tena. Mtu huyu ndiye tuliyesema alitunga namba.

"Hapana," nikasema. "Niliiona msimu uleule uliofuata. Na kila msimu baada ya hapo. Nilikuwa naandika samaki."

Chupa ya chai iligonga meza.

"Misimu mingapi?" mdogo wangu akauliza.

"Tisa. Huu ni wa kumi."

Shemeji alivua miwani. Nilidhani atanitukana. Akatabasamu upande mmoja, tabasamu la mtu aliyechoka. "Mmetoa ripoti tisa zenye samaki wa chuma," akasema, akairudisha gololi ndani ya soksi.

Mdogo wangu hakutabasamu. Alikuwa anahesabu, niliona midomo yake ikicheza.

"Alipokuwa anabeba matofali kwa watu, mgongo ukamvimba, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mama anakufa, anauliza mbona hamsemezani wanangu. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukakaa ukutani unapokea pole."

Nyuma ya pazia binti yao alikuwa amesimama, niliziona ncha za vidole vya miguu yake. Shemeji alishika bisibisi, akaanza kurudisha skrubu za feni moja moja.

Mdogo wangu alivuta kiti, akakaa mbele yangu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonivunja.

"Kunywa chai yako," akasema. "Ukimaliza uende."

Kikombe kilikuwa kimejaa, bado kinafuka. Nikanywa funda dogo, nikakirudisha mezani. Alikaa akinisubiri nimalize, mikono mapajani, na alivyokuwa akinisubiri ilimbidi akae nami, karibu kiasi cha kugusana magoti. Nikaiacha chai ipoe, na ilipopoa nikaendelea kuinywa kidogo kidogo.